Mabua ya mafunjo yameoza na mbegu hazikuota: tupande vipi?

*Sisi ni kikundi cha akina mama wasusi wa mikeka, kando ya mto unaoingia Ziwa Victoria, mkoani Mara. Zamani ukingo wetu ulijaa mafunjo. Yakafyekwa na kuchomwa ili watu walime mboga za kiangazi. Sasa ukingo unamomonyoka na malighafi tunaifuata mbali. Kijiji kimetutengea eneo la mita 40 kwa 10. Mwaka jana tulikata mabua tukayachomeka kwenye tope kama tunavyopanda muwa, yote yakaoza. Tukapukuta mbegu juu ya maji, hakuna kilichoota. Kijana mmoja akatuonyesha video ya kupindua shungi kichwa chini kwenye ndoo ya maji. Tulijaribu mengi, yakatoa mizizi mawili tu. Tutumie mbegu au vipandikizi? Na tuweke mbolea gani?*

Dada zangu, nianze na mabua yaliyooza, kwa sababu hapo ndipo panapoeleza mengine yote. Muwa unaota kwa kuchomekwa kwa kuwa una pingili, na kwenye kila fundo kuna jicho. Muhogo ni hivyo hivyo. Matete nayo yana mafundo, ndiyo maana bua la tete lililoangukia tope huweza kutoa mizizi, na kwa kuwa matete na mafunjo huota ukingo mmoja, watu hudhani tabia yao ni moja. Sivyo. Bua la mafunjo limenyooka kutoka kwenye tope hadi kwenye shungi, mita tatu au nne, bila fundo hata moja njiani. Pasipo na fundo hapana jicho, na pasipo na jicho hakuna mzizi wala chipukizi litakalotoka hata mkilitunza vipi. Mngechomeka mabua elfu moja, yangeoza elfu moja.

Macho ya mafunjo yako sehemu mbili tu: chini kabisa, kwenye shina linalolala topeni, na juu kabisa, pale vijiti vya shungi vinapokutana. Lile la chini wataalamu huliita rizomu. Aliyewahi kupanda tangawizi analijua umbo lake: shina nene lililolala, lenye magamba ya rangi ya kahawia iliyokolea, linalosonga mbele kwa ncha yake huku likitoa mabua juu na mizizi chini. Hicho ndicho kipandikizi cha kweli cha mafunjo.

Kuhusu ile video, nina hakika mmea mliouona si mafunjo bali ndugu yake wa bustanini, yule mfupi wa kiasi cha mita moja ambaye shungi lake lina majani mapana yaliyotandazwa kama mwavuli. Ukimpindua huyo kwenye maji, hutoa mizizi karibu kila mara. Mafunjo yetu yana shungi la vijiti vyembamba kama nyuzi, na macho yake ya juu ni dhaifu: mengi huoza kabla hayajaamka. Kupata mawili ni matokeo ya kawaida. Kama mnayo bado, yahamishieni kwenye viriba vyenye tope na muyatunze, lakini msijenge mpango wa mita za mraba 400 juu ya njia hiyo.

Mbegu nazo mlizinyima kitu kimoja: tope lililo wazi. Mbegu ya mafunjo ni ndogo mno, urefu wake ni kama milimita moja, na haina akiba ya chakula ya kusukuma chipukizi kupitia udongo au maji. Inahitaji mwanga, joto, na tope lililolowa lakini lisilofunikwa na maji. Ukiipukuta juu ya maji inaelea, upepo unaisukuma, na inaishia ufukwe wa mtu mwingine au inazama. Ukiifukia kwenye udongo, inalala gizani. Asili yenyewe hupanda mafunjo wakati maji yanaporudi nyuma. Ziwa Naivasha kule Kenya ni mfano unaojulikana vizuri, kwa sababu kina chake hupanda na kushuka sana: kila maji yanaposhuka na kuacha tope jipya, miche ya mafunjo huchipua kwa wingi ukingoni, yakipanda tena, miche ambayo haijapata kimo huzama, na ile iliyokwisha kushikana mizizi huweza kunyanyuka na kuelea.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mbegu au vipandikizi, ulizeni maji. Kwa maoni yangu kina cha maji ndicho kinachoamua karibu kila kitu katika kazi hii, na mashamba mengi ya mafunjo yaliyoshindikana yalipandwa mahali sahihi kwa wakati mbaya. Fanyeni hivi: chongeni vigingi vinne vya mti mgumu, kila kimoja mita mbili, mvitie alama ya rangi kila sentimita 10, mvigongomee katika mstari mmoja kutoka ndani ya maji kuja nchi kavu, upana wote wa zile mita 10. Someni kila wiki, mwandike kwenye daftari. Baada ya msimu mmoja mtajua ni mstari gani wa ukingo ambao maji yake hukaa kati ya tope bichi na sentimita 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hapo ndipo mafunjo yatakaa. Msishangae mkikuta ni upana wa mita tatu au nne tu kati ya zile kumi.

Upande wa juu, unaokauka kiangazi, msiulazimishe kuwa wa mafunjo. Pandeni mkindu. Huo pia ni mmea wa asili wa kingo zenye unyevu, huota kwa mbegu bila shida, mizizi yake inashika udongo, na ninyi wasusi sihitaji kuwaeleza kazi ya ukindu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulikimbia kwa sababu halina shamrashamra. Je, mna hakika mafunjo yamekwisha pale? Moto na panga huua mabua, lakini rizomu lililokuwa kwenye tope bichi mara nyingi hubaki hai, na mbegu za miaka iliyopita huweza kuwa zimelala kwenye tope. Chukueni tope la juu, sentimita tano tu, kutoka sehemu kama kumi za eneo lenu. Litandazeni kwenye karai au beseni pana, unene wa sentimita tatu au nne, liwekeni mahali penye mwanga, mlidumishe likiwa limelowa bila maji kusimama juu yake, kwa wiki sita. Mkiona miche midogo mingi, basi ukingo wenu hauhitaji kupandwa sana. Unahitaji ng'ombe wazuiwe, jembe lisimame, na maji yaachwe yashuke yenyewe. Uzio wa miiba ni rahisi kuliko vipandikizi 100.

Miche hiyo itawachanganya. Mafunjo machanga hayafanani na mafunjo. Yana majani membamba ya kijani kama nyasi, na wengi huyang'oa wakidhani ni magugu. Ng'oeni mmoja mkate shina kwa wembe karibu na mizizi: la familia ya mafunjo lina pembe tatu, na majani yake yamepangwa pande tatu. Nyasi za kawaida zina shina la mviringo. Ndago nazo zina pembe tatu, kwa hiyo alama hii peke yake haimalizi. Subirini mche ufike sentimita 20 au 30. Mafunjo yataanza kutoa mabua manene yasiyo na majani, wakati ndago itabaki fupi na kutoa maua mapema.

Sasa rizomu, kwa kuwa kwenu ndiyo njia nitakayoitanguliza. Rizomu hukua kwa upande mmoja. Kwenye ncha kuna chipukizi lililochongoka. Nyuma yake bua changa ambalo shungi lake bado limefumba. Nyuma yake tena mabua yaliyokomaa. Na mwisho mabua makavu na shina jeusi lisilo na uhai wa kutosha. Kipande kinachofaa ni cha sentimita 20 hadi 30 kilichobeba ncha hiyo, pamoja na mabua matatu au manne ya umri tofauti. Kipande cha nyuma, hata kiwe kinene na kizito, kinadanganya macho. Kitaoza au kitakaa miezi bila kufanya lolote. Nimewaona watu wakijaza mkokoteni kwa vipande vya aina hiyo kwa sababu ni rahisi kuvikata.

Kateni kwa panga lililonolewa, pigo moja, si kwa kuvuta na kupasua. Mizizi ipunguzeni ibaki sentimita 10 hadi 15. Mabua yaliyokomaa yakateni yabaki nusu mita, lakini lile changa lililofumba liacheni zima, kwa maana ndilo litakaloanza kukilisha kipande. Visiki hivyo vya nusu mita nasisitiza visizidi kufupishwa. Ndani ya bua la mafunjo kuna sifongo lenye njia za hewa, na kwenye tope la kinamasi hakuna hewa. Rizomu na mizizi hupumua kupitia mabua. Mkikata hadi chini halafu maji yakafunika visiki, mmeziba pua ya mmea, na baada ya wiki mbili mtanusa harufu ya mayai viza.

Vipande vifungeni kwenye magunia yaliyoloweshwa, vikae kivulini, vipandwe siku hiyo hiyo. Siku ya pili bado vinaweza kuvumilia. Baada ya hapo mnabahatisha. Kabla ya kuvisafirisha visuguliwe na kuoshwa pale pale mlipovichimba, tope lote liondoke. Tope la ziwani hubeba mbegu za gugumaji na vipande vidogo vya magugu mengine yanayoelea, na hakuna mtu anayetaka kuwa ndiye aliyeyaleta kwenye mto wa kijiji chake.

Kupanda: chimbeni mfereji mfupi wa kina cha sentimita 10 kwenye tope bichi. Lazeni kipande, ncha ikielekea maji au pengo mnalotaka lijae. Fukieni mizizi, lakini mgongo wa rizomu na shina la chipukizi vionekane. Kisha kifungeni chini, kwa sababu mafunjo yanaelea. Ile hewa iliyo ndani hukinyanyua kipande mara tu maji yanapoongezeka, na asubuhi mtakikuta kimekwenda zake. Tumieni vijiti viwili vyenye ndoano, kila kimoja sentimita 60, vikipita juu ya rizomu pande mbili za mabua na kuzama kwenye tope gumu chini. Mianzi iliyopasuliwa au matawi yenye panda yanatosha. Waya msitumie; utabaki topeni na kumchoma mtu mguu.

Nafasi ya mita moja kwa mita moja inatosha. Mkipanda mistari mitatu kwenye urefu wenu wa mita 40, hivyo ni vipande kama 120. Mkiwa na 60 tu, pandeni kwa makundi ya vitano vitano vilivyo karibu, muache mapengo kati ya kundi na kundi. Kundi huvunja mawimbi na kushika tope vizuri kuliko vipande vilivyotawanyika kimoja kimoja, na mapengo hujazwa baadaye na miche ya mbegu.

Mwezi wa kwanza maji yasizidi sentimita 10 juu ya tope. Chipukizi jipya linapaswa kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne. Mabua ya zamani yatageuka manjano na kufa, hilo halina neno. Bua lililokatwa halikui tena, na kazi yake ilikuwa kupitisha hewa tu. Angalieni ncha. Kama hadi wiki ya sita hakuna kitu, bonyezeni rizomu kwa kidole: likiwa gumu, subirini, likiwa laini na linanuka, ling'oeni mpande lingine, lakini kwanza pimeni kina cha maji pale, maana mara nyingi vipande vinavyooza viko kwenye shimo moja. Mabua mapya yakishafika mita moja, mafunjo yanaweza kukaa kwenye maji ya sentimita 30 bila wasiwasi.

Upungufu wa njia hii ni kwamba inamjeruhi anayetoa. Kila kipande mnachochukua ni ncha inayokua iliyoondolewa kwenye kinamasi kingine, na mita chache za mafunjo yaliyochimbwa vibaya hufungua njia ya mmomonyoko pale pale. Chukueni kipande kimoja kila baada ya hatua mbili au tatu za ukingo, upande wa nchi kavu, kamwe si upande unaopigwa na mawimbi. Tena, vipande vyote vya mahali pamoja huweza kuwa mmea mmoja uliotambaa. Ukipata ugonjwa au ukishindwa na hali, vinashindwa vyote. Kusanyeni kutoka sehemu tatu au nne zilizo mbali kidogo lakini za mto huo huo au ghuba hiyo hiyo. Hapo ndipo mbegu zinapokuja kusaidia, kwa sababu kila mche wa mbegu ni mmea tofauti, na kinamasi kinachotoa mbegu hakipotezi kitu.

Mbegu zichumwe shungi linapokuwa la kahawia na linapomwaga unga wa mbegu ukilisugua kwenye kiganja. La kijani bado. La kijivu lililochakaa limekwisha kumwaga. Lifunikeni kwa mfuko wa karatasi au kitambaa, mlifunge shingoni, mlikate, mlipeleke zima. Likauke kivulini siku tatu hadi tano, lisuguliwe, lichujwe kwa chujio la chai. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni makapi, na mbegu nyingi huwa tupu, kwa hiyo mashungi kumi ya mimea tofauti si mengi.

Kitalu chake si kama cha mchicha. Tafuteni trei au makarai mapana ya kina cha sentimita 10, yatobolewe chini, yawekwe ndani ya beseni lenye maji ya sentimita mbili au tatu, ili udongo unyonye kutoka chini. Ukimwagilia kwa juu, mbegu zote husukumwa kwenye kona moja. Mchanganyiko: sehemu mbili za tope la mtoni lililokaushwa na kuchekechwa, sehemu moja ya mchanga. Mwagieni maji yanayochemka mara mbili, yapoe, ili kuua mbegu za magugu. Changanyeni mbegu na mchanga mkavu laini, kijiko kimoja kwa vijiko ishirini, mnyunyize juu ya udongo uliolowa, mgandamize kwa ubao tambarare. Msifunike kwa udongo hata kidogo. Funikeni trei kwa nailoni angavu iliyoinuliwa kwa vijiti, iwe mahali penye mwanga mwingi lakini jua la saa sita lichujwe na chandarua cha kivuli au makuti yaliyotawanywa.

Miche itaonekana kati ya wiki mbili na nne, myembamba kama unywele. Maadui wake wa kwanza ni wawili. Mmoja ni utando wa kijani wa mwani unaofunika udongo na kuinyima mwanga. Unatokana na samadi au maji machafu, na ndiyo sababu sikutaja mbolea kwenye mchanganyiko. Mwingine ni kinyaushi, miche kulala chini kwa mafungu asubuhi moja. Huo huletwa na kuvu wanaostawi kwenye joto na hewa iliyofungiwa. Mkiona miche imekwisha kuota, anzeni kufunua nailoni saa moja kwa siku, mkiongeza, hadi wiki ya pili iondoke kabisa.

Ikifika sentimita nne au tano, ihamisheni kwenye viriba, miche miwili au mitatu kila kiriba, kwa kuchota na donge lake badala ya kuvuta shina. Viriba visimame kwenye maji ya sentimita mbili au tatu. Ikifika sentimita 15, pandisheni maji hadi usawa wa udongo. Hapo inazoea maisha ya kinamasi. Itakuwa tayari kupandwa ukingoni ikiwa na sentimita 40 hadi 50, na hilo ni jambo la miezi mitano au sita. Mche mfupi kuliko huo msiutoe: wimbi moja la siku ya upepo linaufunika.

Kwa hiyo kwa eneo lenu ningepanga hivi. Ziwa kwa kawaida hufikia kina chake cha juu mwishoni mwa masika, mwezi wa Mei au Juni, kisha hushuka hadi karibu na vuli. Pandeni rizomu Juni na Julai, mkifuata maji yanavyorudi nyuma, ili mimea ipate miezi minne ya kushika kabla hayajapanda tena. Mbegu zisiwe za kusubiri Juni. Ziwekwe kwenye trei Januari au Februari, miche itoke kitaluni wakati huo huo wa maji kushuka. Kama sehemu yenu iko juu zaidi ya mto ambapo kiangazi tope hupasuka kwa ukavu, kanuni inageuka: pandeni mvua za kwanza zinapolowesha tope, kabla ya mafuriko, na mvumilie hasara kubwa zaidi. Iko miaka ambayo hakuna mpango unaosaidia. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kiasi cha kuingia kwenye nyumba na mashamba ya watu, na upandaji mpya wa ukingoni usingesimama mwaka kama ule. Ndiyo maana sishauri mpande mistari yote mitatu msimu mmoja. Mmoja mwaka huu, miwili mwaka ujao, baada ya kusoma vigingi.

Mbolea: hakuna. Mto unaoshuka kutoka mashambani unaleta udongo wenye rutuba zaidi ya mahitaji ya mafunjo, na moja ya kazi zake ni kuuchuja huo. Urea mkiitupa pale italisha mwani na gugumaji, halafu mtarudi kuuliza namna ya kung'oa gugumaji. Mafunjo yakiwa manjano na mafupi, tafuteni kivuli kwanza. Ni mmea wa jua kali. Chini ya miti hauendi popote.

Ng'ombe wanapenda machipukizi laini kuliko chochote kilichopo kiangazi, na kwato zao huvunja ncha hata wasipokula. Uzio wa miiba ukae mwaka mzima wa kwanza, na muache njia moja ya mifugo kunywa maji nje ya eneo, la sivyo uzio utavunjwa kwa haki kabisa.

Kuna mambo ambayo msiyafanye kwa maandishi yangu peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa dhidi ya shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Kurejesha mafunjo kunakwenda na lengo hilo, lakini kuchimba rizomu kwenye kinamasi kingine kunahitaji ruhusa. Muoneni afisa mazingira wa halmashauri kabla ya kuingiza panga. Kama mahali pa kuchimbia panatumiwa na wavuvi, shirikisheni pia BMU, kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, maana samaki wachanga hujificha humo. Ukingo ukiwa unaporomoka kwa vipande, tope jeusi likionekana limekatika wima kama ukuta, mafunjo hayatauzuia peke yake. Ombeni mhandisi au mtaalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria aje aone. Na kama juu ya mto wenu kuna watu wanaochenjua dhahabu kwa zebaki, pelekeni sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji kabla ya kukaa topeni wiki nzima.

Hata bila zebaki, maji hayo yana kichocho. Vaeni buti za mpira na glavu ndefu, msikae majini katikati ya mchana ambapo vimelea hutoka kwa wingi kwenye konokono, jifuteni mara mnapotoka. Baada ya msimu wa kupanda nendeni zahanati wote mkapimwe, hata asiyeumwa, kwa kuwa kichocho hukaa muda mrefu bila dalili na dawa yake ipo. Kiboko akiwa anatumia ukingo huo, msipande alfajiri wala jioni. Mtu mmoja asimame nchi kavu akiangalia.

Mavuno mtataka mapema, najua. Miezi 12 ya kwanza msikate hata bua moja. Bua linapozeeka hurudisha sehemu ya chakula chake kwenye rizomu, na mkilikata kabla, rizomu linaishi kwa deni. Baada ya hapo gaweni eneo sehemu mbili, mkate moja mwaka huu na nyingine mwaka unaofuata, mkichagua mabua yaliyokomaa na kuacha yote ambayo shungi lake bado limefumba. Kisiki kibaki angalau sentimita 20 juu ya maji, na kama vigingi vinaonyesha maji yanapanda, ahirisheni kukata hadi yatulie.